Mtama, Wali na Posho: Chakula Katika Njia ya Misafara ya Tabora

Chakula cha taifa ni sehemu ya historia yake, kama zilivyo lugha, ngoma na mavazi. Lakini mara nyingi tunakitazama kilichomo sahanini leo, tukadhani kuwa ndicho walichokula babu zetu tangu kale. Tukiichunguza Tabora, pamoja na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, tutaona kuwa sivyo.

Nafaka za asili za Unyamwezi zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Wanawake walizitwanga kinuni, wakazisaga juu ya jiwe, wakasonga bugali ulioliwa kwa mlenda, kunde au nyama. Mahindi, mihogo na viazi vitamu asili yake ni bara la Amerika. Vilienea huku kwetu baadaye na kwa polepole. Wanyamwezi hawakuvipokea kwa kuiga tu. Viazi, kwa mfano, walivikata vipande wakavianika kuwa michembe, akiba ya miezi ya upungufu.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifanya makao Unyanyembe, wakaja na ulaji wa pwani. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, waliukuta mpunga ukilimwa. Basi katika mji mmoja palikuwa na vyungu viwili: wali katika nyumba ya tajiri, na ugali katika kibanda cha mtumwa aliyemlimia. Tofauti ya chakula ilikuwa tofauti ya tabaka.

Mpagazi naye, aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi au zaidi, alipimiwa posho yake: kibaba cha nafaka kwa siku, yaani robo ya pishi. Pengine alipewa nguo au shanga akanunue chakula vijijini. Lakini katika nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, vijiji vilikuwa haba, na asiyechukua akiba aliona njaa. Neno hilo posho lilisafiri pia. Nchini Uganda ndilo jina la ugali wenyewe. Tusisahau kwamba kila kibaba kilitoka katika jasho la mkulima. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilipovuruga njia na mashamba, meza ya tajiri na mfuko wa mpagazi viliguswa pamoja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafifia. Katika mashamba makubwa na migodi ya wakoloni, unga wa mahindi ukawa posho ya vibarua. Hivyo sembe ikapata heshima, na mtama ukaanza kudharauliwa kama chakula cha maskini. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulitukumbusha gharama ya dharau hiyo: taifa lililazimika kuagiza nafaka kutoka ng'ambo, na wakulima wa sehemu kavu wakahimizwa tena kupanda mtama na mihogo.

Hatusemi kwamba mahindi yaachwe. Nayo yamekwisha kuwa yetu. Tunasema kwamba vijana wetu hawana budi kuwauliza wazee majina ya mbegu, namna ya kuzihifadhi na kuzipika, kabla maarifa hayo hayajazikwa. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.