Nani Amwandike Mhitimu? Majigambo, Cheti na Utani wa Rika katika Buhaya ya Miaka ya 1920

Mwaka 1926 kijana wa Bukongo, Kamachumu, mwenye umri wa miaka 14 hivi, aliingia Seminari Ndogo ya Rubya, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Mwaka huohuo, kule Dar es Salaam, kijana mwingine alihitimu shule ya Msimbazi akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Wa Rubya alikuwa Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Kardinali. Wa Msimbazi alikuwa Shaaban Robert. Hao tunawafahamu vizuri. Mmoja amepewa shule, mwingine amepewa barabara na mitihani. Lakini darasa si mtu mmoja. Simulizi za maisha ya Shaaban Robert hurudia hesabu ile ya wa pili kati ya 11, ila aliyeshika nafasi ya kwanza kwa kawaida hatajwi hata jina. Kumpita Shaaban Robert kwa alama kisha kusahaulika kabisa ni jambo la kusikitisha, na pia la kuchekesha.

Wakati huo Marekani, shule nyingi za sekondari zilikuwa zikichapa kila mwaka kitabu cha wahitimu. Kila mmoja aliwekewa picha, jina lake la utani, sentensi mbili tatu za kumchokoza, na utabiri wa mzaha kuhusu atakakoishia. Ulikuwepo pia wosia wa darasa, ambamo mchelewaji sugu aliwarithisha wadogo zake kuchelewa kwake. Waandishi walikuwa wanafunzi wenyewe, wakiandikana. Hapakuwa na kitabu cha namna hiyo Bukoba, katika nchi ya Wahaya. Kwa kukosekana kwake, msomaji mwepesi anaweza kudhani kwamba kizazi cha kwanza cha wasomi wa Kihaya kilikuwa kizazi cha watu wakavu, waliozaliwa wakiwa wamevaa tai. Makala hii inadai kinyume. Buhaya ilikuwa na desturi ya zamani ya kumtangaza kijana anapomaliza mafunzo, na ilikuwa na utani tele. Kilichobadilika katika miaka ile ni mwenye haki ya kumsema mhitimu, na katika mabadiliko hayo sauti ya mwenzake wa rika ndiyo iliyokosa karatasi.

Tuanze na desturi. Kabla shule hazijashika nafasi, vijana wa Kihaya walifundwa katika omuteko. Wavulana wa rika moja walikusanywa, wakapelekwa kikale, yaani kwenye makao ya omukama (mfalme), wakajifunza mkuki, ngoma, adabu za baraza na namna ya kusema mbele ya wakubwa. Huko walilala pamoja, wakala pamoja na kuadhibiwa pamoja, na waliotoka omuteko mmoja waliendelea kuhesabiana hivyo maishani. Kijana aliyetaka kujulikana hakungoja mtu mwingine amwelezee. Alisimama na kutoa ekyebugo, majigambo yake mwenyewe, kwa maneno ya kasi, akijipa majina ya sifa na kutaja alichokabiliana nacho. Wanafunzi wetu wa sekondari hukutana na utanzu huu darasani kwa jina la vivugo au majigambo, na uchambuzi wa M. M. Mulokozi kuhusu ushairi wa Wahaya, hasa tenzi zinazoimbwa kwa enanga (ala ya nyuzi), umetuonyesha jinsi sanaa ya kusema ilivyofungamana na mamlaka ya kikale.

Kinachonivutia hapa si ushujaa unaotajwa, bali hadhira. Mwenye kujigamba alisikilizwa na omukama, lakini alisikilizwa pia na wale waliolala naye. Wao walijua kama simba aliyetajwa alikuwa simba au paka wa jirani. Majigambo hustahimili chumvi, yaani utiaji chumvi ni sehemu ya sanaa, lakini hayastahimili macho ya mwenzako anayekutazama huku akizuia kicheko. Kwa hiyo ndani ya ekyebugo mlikuwa na sauti mbili: ya kijana anayejikweza, na ya rika linalompima kwa minong'ono. Ya kwanza imehifadhiwa na kusomwa vyuoni. Ya pili haikuhesabiwa kuwa fasihi.

Shule ilipokuja ilinyamazisha sauti ya kwanza, na ile ya pili ikaikosesha nafasi. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Kashozi mwaka 1892, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua utawala wa Tanganyika kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Kwa misheni na kwa serikali, kijana alielezwa katika kitabu cha ubatizo, katika rejista, na mwisho katika cheti. Mwandishi sasa alikuwa mwalimu, padri au afisa. Maneno yake yalikuwa machache na ya namna moja: mtiifu, mwaminifu, mwenye bidii. Hata mvivu alipata neno la heshima, ilimradi hakuiba chaki.

Magazeti hayakuwa tofauti sana. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu Januari 1923, lilifungua mlango mkubwa kwa barua, mashairi na habari za wilayani, na wasomi wa kila pembe ya nchi walilipenda. Hata hivyo lilikuwa gazeti la serikali, na liliongea kama mzazi na mwanawe. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa 1925 ikiwalenga kwanza watoto wa machifu, iliwafunza vijana utawala kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza. Katika shule ya Malangali, Iringa, kuanzia 1928, mkuu wake W. B. Mumford alijaribu kuingiza mila ndani ya uzio wa shule, mikuki na ngoma zikiwemo. Jaribio lake linastahili heshima, ila ni Mzungu aliyeamua mila ipi iingie, na sidhani utani wa wanafunzi dhidi ya mwalimu mkuu ulikuwa kwenye ratiba.

Je, utani wa wanafunzi wao kwa wao una uzito gani wa kitaaluma? Mkubwa, kwa sababu ya mazingira ya Buhaya yenyewe. Hii ilikuwa nchi ya nyarubanja, ambamo mkulima angeweza kuishi kama mtwarwa kwenye ardhi ya bwana, akimtolea sehemu ya mazao yake. Katika jamii kama hiyo, nani amcheke nani si swali dogo. Mkubwa anaweza kumtania mdogo mchana kutwa bila kuharibu chochote. Hiyo ni sehemu ya ukubwa wake. Mwana wa mtwarwa akimpachika mwana wa bwana jina la kuchekesha, na jina likashika, na mwenyewe akaliitikia, hapo pana jambo jipya. Benchi la shule liliwezesha hilo. Hesabu za kugawanya hazikujali ukoo, na wote wawili waliweza kuitwa mbele na kushindwa. Nadai kwamba usawa ulijaribiwa kwanza katika vitu hivi vidogo kabla haujaandikwa kwenye risala kwa serikali.

Tazama mwaka 1924. Bukoba Bahaya Union ilianzishwa na vijana wasomi, wakiwemo Klemens Kiiza, Suedi Kagasheki na Herbert Rugizibwa. Majina hayo matatu yakisomwa kwa mfuatano yanamfanya msikilizaji angoje mwisho wa mzaha, ule unaoanza na padri, shehe na mchungaji waliopanda mtumbwi mmoja. Elimu ya Bukoba iligawanyika kwa dini, na kila dhehebu lililinda watoto wake. Chama kiliwakutanisha watu ambao malezi ya shule yangeweza kuwatenganisha. Wanahistoria wameeleza vizuri madai ya chama hicho kuhusu maendeleo na mamlaka ya machifu, na pia safari ya Kiiza katika biashara ya kahawa. Wametuachia wanasiasa kamili. Lakini chama cha watu wa madhehebu tofauti hakisimami kwa madai peke yake; husimama pia kwa watu wanaoweza kukaa baraza moja na kuchokozana bila kuvunjana. Sehemu hiyo ya siasa haimo kwenye mafaili ya boma, kwa kuwa hakuna karani aliyewahi kuandika kumbukumbu za mkutano kwamba wajumbe walicheka.

Utani mmoja tu kuhusu wasomi wa Bukoba umeenea nchi nzima, nao ni nshomile. Mhaya wa vichekesho vya Kitanzania amesoma, anataka ujue amesoma, na Kiingereza humtoka hata anapoomba chumvi. Watu huuona utani huo kama dharau au wivu. Mimi naona ndani yake ekyebugo kilichobadilishiwa silaha: mkuki umewekwa chini, cheti kimeinuliwa. Hata hivyo nshomile ni picha iliyochorwa na majirani. Inamchora Mhaya yeyote, kwa hiyo haimchori mtu fulani. Picha ya mwanadarasa hufanya kazi kinyume: inajua kwamba huyu alijificha nyuma ya ghala kula senene peke yake msimu ulipofika, na yule alisali kwa sauti zaidi siku za mtihani.

Nitapingwa kwamba natukuza jambo ambalo mara nyingi lilikuwa ukatili. Pingamizi hili ni la kweli. Jina la utani laweza kumwandama mtu hadi kaburini, na shule za bweni zimewaumiza wengi kwa kisingizio cha mzaha. Pia rika ninalolizungumzia lilikuwa zaidi la wavulana. Omuteko ulikuwa wao, seminari ilikuwa yao, na ukarani ulikuwa wao. Utani wa usawa ulikuwa na wageni wake waalikwa, na wasichana hawakuwemo. Leo shule yenye jina la Rugambwa mjini Bukoba ni ya wasichana, na majina wanayopachikana humo yangewapa wazee wa Rubya kazi ya kuungama kwa niaba yao.

Maana utanzu huu wa utani wa rika haukufa. Kwa miongo mingi wanafunzi wa sekondari Tanzania wamekuwa na otografu, daftari linalozungushwa bwenini kabla ya mtihani wa mwisho. Humo utamkuta kipanga na kilaza, mnoko aliyesamehewa dakika za mwisho, bingwa wa kupiga msuli usiku na kusinzia mchana, na mlaji wa makande asiyejua kushiba. Nalo ni kitabu cha wahitimu, isipokuwa hakichapwi, na kila nakala ni moja. Kwenye mahafali yenyewe, mgeni rasmi husomewa risala ya wahitimu, ambayo huorodhesha upungufu wa maabara na maji. Risala huingia kwenye jalada la mkuu wa shule. Otografu huingia kwenye sanduku la nguo.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu vibaya majengo ya Ihungo na Nyakato, Bukoba, hata shule hizo mbili kongwe zikafungwa kwa muda. Majengo yamejengwa upya. Wahitimu wake wa zamani wametawanyika, na madaftari yao yametawanyika nao. Vyama vya wahitimu vinapochapa vitabu vya jubilei, hujaza picha za wakuu wa shule na orodha za mawaziri waliopita hapo. Kurasa 20 za otografu zilizochapwa kama zilivyo, pamoja na makosa ya tahajia, zingemfaa zaidi mtafiti wa mwaka 2090 kuliko orodha hizo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya turubai la mahafali.