Uhuru Iliyoruka Kutoka Malindi

Wakati wa magharibi ukisimama pale Dunga kutafuta mwezi, je, unajua kwamba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa maalumu kuchunguza eksirei za angani iliruka kutoka hapa hapa Kenya? Ilikuwa tarehe 12 Disemba 1970, tukiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend wa NASA, msimamizi wa mradi, akaipa jina Uhuru.

Kufikia 1972, Uhuru ilikuwa imeonyesha kuwa eksirei za Centaurus X-3 hukatika kila baada ya siku 2.1. Kumbe ni nyota mbili zinazozungukana, na ile kubwa humfunika mwenziwe, kama mwezi unavyolipatwisha jua. Huyo mdogo ni mabaki ya nyota iliyokufa, yaliyoshindiliwa hata kuliko kibete cheupe. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Jina lilikuwa letu na bahari yetu, lakini wagunduzi walikuwa wengine. Basi kijana mwenzangu wa Kisumu, hiyo fizikia unayoikimbia shuleni, irudie.