Gari Lililofukuliwa Pendine

Tarehe 3 Machi 1927, John Godfrey Parry-Thomas, mhandisi wa Kiwelisi, alifika katika ufuko wa Pendine, kusini mwa Wales, kutafuta heshima iliyomponyoka. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda maili 171.02 kwa saa, mwendo ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia juu ya nchi kavu. Lakini mwezi wa Februari 1927, katika mchanga huohuo wa Pendine, Malcolm Campbell alifikia maili 174.88. Parry-Thomas alijaribu kumshinda. Gari lake, aliloliita Babs, likapinduka katika mbio, naye akafa palepale. Mwili wake ulizikwa Byfleet, Uingereza. Gari lilichimbiwa shimo ufukoni, likafukiwa.

Waliolifukia walitenda kwa huruma, na nani awezaye kuwalaumu? Hata hivyo pamoja na gari walifukia ushahidi.

Injini ya Babs haikutengenezwa kwa ajili ya motokaa. Ilikuwa Liberty, iliyobuniwa Marekani mwaka 1917 kwa ndege za vita: silinda 12, ujazo wa lita 27, na nguvu za farasi zaidi ya 400. Aliyeitia katika gari kwanza ni Count Louis Zborowski, ambaye naye alikufa mashindanoni huko Monza mwaka 1924. Parry-Thomas alilinunua gari hilo kwa pauni 125.

Lilikaa mchangani miaka 42. Mwaka 1969 Owen Wyn Owen, mwalimu wa uhandisi kutoka Bangor, alipata ruhusa ya kulifukua, maana sehemu ile ya pwani ilikuwa imekwisha kuwa ya jeshi.

Injini huganda kwa njia mbili, wala dawa zake si moja. Ya kwanza huganda ikiwa kazini: mafuta hukauka, chuma husuguana na chuma, joto hupanda, na pistoni hushikana na silinda kama vitu viwili vilivyoungwa. Ya pili huganda kwa kulala tu. Unyevu huingia polepole, kutu huota kati ya ringi na ukuta wa silinda, na baada ya miaka handeli haisogei hata kidogo. Kwa ugonjwa huu wa pili fundi mwenye busara hutoa plagi zote, humimina katika kila silinda mafuta mepesi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha hungoja siku nyingi, pengine majuma. Ndipo hujaribu kuizungusha kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Asiye na subira hulifunga gari kamba, akatia gia na kulivuta. Huyo huvunja ringi na kupinda mikono ya pistoni, na injini iliyokuwa mgonjwa huwa maiti.

Lakini injini iliyozikwa ufukoni ni shauri jingine. Chumvi ya bahari huila alumini, na pistoni za Liberty pamoja na kasha lake la chini ni za alumini. Uozo wake ni unga mweupe unaovimba na kukaza mahali palipokuwa na nafasi, wala mafuta ya taa hayauyeyushi. Hapo kumimina na kungoja hakutoshi; hapana budi kufungua kila kitu, kipande kwa kipande, na kuamua kipi chafaa na kipi kifanywe upya. Jambo moja tu humfariji fundi: silinda za Liberty hazikumiminwa pamoja katika pande moja, bali kila moja imesimama peke yake. Owen alitumia miaka 15 hivi katika kazi ya kulifufua gari zima, mpaka Babs likanguruma na kwenda tena.

Faida iliyo kubwa kwa mwanahistoria haikutoka katika ngurumo hiyo. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba mnyororo wa kuendeshea magurudumu ulikatika ukampiga Parry-Thomas, na masimulizi hayo yalikaririwa kama jambo lisilo na shaka. Mabaki yalipochunguzwa, wachunguzi walielekeza kidole penginepo: katika gurudumu la nyuma, upande wa kulia, ambalo huenda ndilo lililovunjika kwanza.