Nusu Digrii ya Kericho

Februari 2002, jarida la Nature lilichapisha makala iliyosema kwamba hali ya hewa ya Kericho haikuwa imebadilika kwa kiwango cha kutosha kitakwimu tangu 1911. Simon Hay na wenzake walikuwa wameangalia sehemu nne za nyanda za juu: Kericho, Kabale kule Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Malaria ilikuwa imerudi kwa kishindo kwenye mashamba ya majani chai, na wengi walikuwa washaanza kulaumu joto la dunia. Makala ikajibu: takwimu hazionyeshi hivyo.

Lakini digrii moja hivi au nusu yake ina uzito gani? Hapa, mkubwa sana. Wastani wa joto Kericho uko karibu nyuzi 18 za Selsiasi. Kwa hesabu inayotumiwa sana na wataalamu, kwenye joto hilo kimelea cha Plasmodium falciparum huhitaji takriban siku 56 kukomaa ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 20, siku 28 zinatosha. Na mbu wa kuishi siku 56 ni nadra. Yaani ile baridi inayomlazimisha mchuma chai kuvaa sweta asubuhi ilikuwa pia chandarua chake.

Sasa tuangalie jaribio lenyewe. Mtafiti huanza na nadharia tete ya kukana: tuseme wastani haujabadilika. Kisha anauliza, kama hiyo ni kweli, data kama hizi zingetokea kwa bahati tu mara ngapi? Kama ni mara nyingi, hana sababu ya kuikataa. Ni mambo ya kortini: mshtakiwa hana hatia hadi ushahidi utoshe. Ila sote tunajua kuachiliwa kwa kukosa ushahidi si sawa na kutotenda kosa.

Mwaka 1908, William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alionyesha namna ya kupima jambo hili kwa data chache: linganisha ukubwa wa tofauti na jinsi data zinavyoyumba. Joto la Kericho huyumba mwaka hadi mwaka, hasa El Niño ikija na kuondoka. Badiliko dogo linamezwa humo kirahisi.

Isitoshe, kundi la Hay halikutegemea kipimajoto kimoja cha Kericho. Lilitumia makadirio ya miraba mikubwa ya ramani, yaliyotokana na vituo mbalimbali. Wakosoaji walisema mwaka huohuo kwamba kwenye nchi ya milima na mabonde, makadirio kama hayo hayawezi kukueleza hali ya shamba moja. Mwaka 2006, Mercedes Pascual na wenzake walirudi kwenye sehemu zilezile nne wakiwa na data hadi 2002. Waliona joto limepanda tangu 1950, kama nusu digrii hivi.

Kisha mwaka 2011, Judith Omumbo na wenzake wakatumia rekodi za kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, za 1979 hadi 2009, baada ya kuzikagua. Joto lilikuwa likipanda takriban digrii 0.2 kila muongo. Kama kweli lisingekuwa likipanda, uwezekano wa kupata data kama hizo ulikuwa chini ya 1 kwa 100.

Je, Hay alidanganya? Hapana. Alisema hajaona badiliko la kutosha, waliosoma mbiombio wakasikia "hakuna badiliko."

Na upande wa pili nao usishangilie mapema. Wastani kupanda ni swali moja. Kilicholeta malaria ni lingine. Watafiti walionyesha pia usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini. Kenya iliiacha dawa hiyo 1998, ikahamia mseto wenye artemisinini kama sera mwaka 2004, na wagonjwa kwenye mashamba ya Kericho wakapungua huku joto likiendelea kupanda.

Ukilaumu hewa peke yake, utasahau dawa. Ukiisamehe hewa, zahanati za Kericho na Bomet zitakutwa hazijajiandaa. Kwa hivyo ukisoma tena "hakuna badiliko la maana," uliza: kipimajoto kilikuwa wapi, kwa miaka mingapi, na badiliko lingehitaji kuwa kubwa kiasi gani ndipo lionekane?