Mali Isiyoonekana Nayo Huporwa

Nikifundisha historia ya ardhi, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, je, mali isiyoonekana nayo huporwa?" Nilimjibu upesi kwamba huporwa, kisha nikatambua kuwa sikuwa na mfano wa kumpa. Makala hii ni deni langu kwake.

Mali ninayoikusudia ni masafa ya redio, na mashahidi wangu ni watu wa redio za ridhaa: wale wanaorusha mawimbi kwa leseni, pasipo kutafuta faida, kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana. Agosti 1912, miezi michache baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilitunga sheria iliyowasukuma watu hao kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini. Wakubwa wa zama zile waliyahesabu mawimbi hayo kuwa jangwa. Walichukua ardhi yenye rutuba, wakawaachia wanyonge mchanga.

Lakini mchanga ule uliota. Desemba 1921, Paul Godley, aliyetumwa kutoka Marekani, alipiga hema katika pwani ya Ardrossan, Scotland, akazinasa ishara za wenzake zilizovuka Atlantiki. Novemba 1923, Fred Schnell wa Marekani na Léon Deloy wa Ufaransa waliwasiliana pande zote mbili kwa mawimbi ya takriban mita 110. Jangwa lilipothibitika kuwa shamba, makampuni na serikali zilifika na vigingi vyao. Wanaridhaa walikwisha kujifunza: mwaka 1925 waliunda umoja wao wa kimataifa mjini Paris, na mkutano wa Washington wa 1927 ukawatambulia masafa yao kimataifa.

Historia hiyo ilijirudia katika masafa ya juu zaidi, yale ya mikrowevu. Julai 1960, vikundi viwili vya wanaridhaa nchini Marekani viliwasiliana kwa kugonganisha mawimbi ya megahezi 1296 na uso wa mwezi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya masafa ya mikrowevu walipewa kwa daraja la pili: wasimsumbue mwenye daraja la kwanza, wala wasidai kinga akiwasumbua yeye. Msomaji wa kwetu ataielewa hali hiyo bila mwanasheria. Ni sawa na kulima katika hifadhi ya barabara. Mahindi ni yako, ila siku itakapochorwa alama nyekundu ya X, huna fidia.

Alama hiyo ilichorwa. Nchini Marekani, wanaridhaa walitumia masafa ya megahezi 3300 hadi 3500 kwa miongo mingi. Serikali ilipoamua kuyapiga mnada masafa ya megahezi 3450 hadi 3550 kwa ajili ya simu za mkononi, mnada uliingiza zaidi ya dola bilioni 22, na wanaridhaa wakatakiwa kuihama sehemu yao ya juu ifikapo Aprili 14, 2022. Waliosalia chini ya hapo wanakaa kwa hisani.

Sisemi kwamba simu za mamilioni ya watu hazina haki. Nasema kwamba mnada hupima kitu kimoja tu, nacho ni uwezo wa kulipa. Thamani ya kijana anayejifunza uhandisi kwa kuunda antena yake mwenyewe haina mahali pa kuandikwa katika daftari la dalali.

Linganisha na yaliyotokea Dubai mwishoni mwa 2023, kwenye mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio. Masafa ya megahezi 1240 hadi 1300 yalikuwa mezani, kwa kuwa wanaridhaa wanayashiriki na mifumo ya satelaiti za uongozaji, ukiwemo Galileo wa Ulaya. Wanaridhaa walikuwa wameshiriki kwa miaka katika vikao vya wataalamu, wakiwa na vipimo na hoja. Hawakufukuzwa. Waliwekewa miongozo ya nguvu na ya sehemu za kutumia, wakabaki.

Jambo hili si la wageni peke yao. Novemba 2018 Qatar ilirusha satelaiti ya Es'hail-2, iliyowekwa juu ya ikweta karibu na nyuzi 26 mashariki, yaani juu ya Kongo. Ndani yake mna chombo cha wanaridhaa kinachopokea katika gigahezi 2.4 na kurudisha katika gigahezi 10.5 hivi. Mwenye leseni aliyeko Iringa, Kisumu au Lubumbashi, kwa dungu dogo, aweza kuzungumza na Brazil au India. Lakini gigahezi 2.4 ndiyo pia ya Wi-Fi, na macho ya wenye fedha hayalali.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mamlaka zetu huita maoni ya umma kuhusu masafa, na Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, wenye makao Nairobi, huratibu misimamo ya bara kabla ya mikutano ya dunia. Vyuo vyetu vina idara za uhandisi na za sheria. Mwanafunzi wangu, mali isiyoonekana huporwa kwa wepesi zaidi, kwa kuwa siku ya kuporwa hakuna nyumba inayobomolewa na hakuna anayesikika akilia. Kazi yetu ni kuwamo kikaoni kabla ya siku hiyo.