Hesabu ya Saa Mpakani Tunduma na Maktaba Sanifu ya Lugha ya C

Mji wa Tunduma, ulio katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umetazamana na mji wa Nakonde wa Zambia. Mpaka tu ndio unaoitenga. Hata hivyo saa zake hazilingani. Tanzania imetangulia saa ya kimataifa ya UTC kwa saa tatu, na Zambia kwa saa mbili. Basi wakati ule ule ambapo saa ya Tunduma yaonyesha 07:00, ya Nakonde yaonyesha 06:00. Naye msemaji wa Kiswahili hataji saba wala sita, bali husema "saa moja asubuhi". Wakati ni mmoja, namba ni tatu. Jinsi kompyuta inavyozipatanisha namba hizo ni habari ya usanifishaji, jambo lisilo geni katika taaluma ya Kiswahili.

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mnamo mwaka 1972, kwa ajili ya mfumo wa Unix. Lugha yenyewe ni ndogo: haina neno la kuandika kwenye skrini wala la kuuliza saa. Kazi hizo hufanywa na vitendaji, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kupewa majina, ambavyo pamoja huitwa maktaba. Kamati ya kuvisanifisha iliundwa Marekani mwaka 1983. Kanuni zikatolewa mwaka 1989, na mwaka 1990 zikawa za kimataifa. Kama vile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilivyokifanya Kiunguja kuwa msingi, ndivyo kamati ile ilivyozifanya desturi za Unix kuwa msingi wa maktaba yake.

Na kila msingi huja na alama za kwao. Katika Unix ya miaka ya 1970, kitendaji localtime, kinachotoa saa ya mahali, kilibeba ndani yake kanuni za Marekani za kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Dawa ikawa kuzitoa kanuni hizo na kuziweka katika jedwali la pekee, kazi iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980. Humo Tanzania hutajwa kwa jina Africa/Dar_es_Salaam, na Zambia kwa jina Africa/Lusaka.

Faida yake huonekana mpakani. Katika Unix, kitendaji time hutoa idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa UTC. Idadi hiyo ni ile ile Tunduma na Nakonde. Lori likitoka Tunduma saa 10:20 za Tanzania na kuandikishwa Nakonde saa 09:50 za Zambia, daftari litasema limefika kabla ya kuondoka. Lakini programu iliyohifadhi sekunde, ikatumia difftime kupata tofauti, itaonyesha dakika 30, ambazo ndizo kweli. Tangu mwaka 2019, kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja. Kosa la namna hiyo si dogo.

Yabaki namba ya tatu. Kitendaji strftime huweza kuandika majina ya siku kwa Kiswahili, lakini hakina alama ya saa inayohesabiwa tangu mapambazuko. Hata juma hutofautiana: maktaba huipa Jumapili namba 0 na Jumamosi namba 6, hali majina yenyewe yatamka kwamba Jumamosi ni ya kwanza na Jumapili ni ya pili, kwa kuwa Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa. Hapa hakuna aliyekosea. Mwandishi wa programu achukue saa ya Tunduma aliyopewa na localtime, aongeze sita, agawanye kwa kumi na mbili na kushika baki. Baki likiwa sifuri, ni saa kumi na mbili. Hivyo 07:00 yawa saa moja, na 13:00 saa saba.

Usanifishaji uliofaulu hapa ni ule ulioafikiana juu ya hesabu ya ndani, ukawaachia wenyeji namna yao ya kuitamka. Lakini maktaba haitafanya kazi ambayo haikuagizwa: saa ya Kiswahili itaingia katika kompyuta kwa mikono ya wanaoisema.