Kiti cha mtemi, mimbari ya mwanamke

Wapo wanaosema kwamba mwanamke kuhubiri na kuongoza kanisa ni jambo la wageni. Historia ya Ushetu, mkoani Shinyanga, na majirani zake haikubaliani nao. Kabla ya misalaba kusimikwa huku, wanawake walikuwa ndani ya chama cha Baswezi, wakishika shughuli za matambiko na uponyaji. Unyamwezi ilipata kuwa na watemi wanawake, na huko Buha, mwaka 1946, Theresa Ntare alitawazwa kuwa Mwami (mtawala) wa Heru. Tangu misheni ya Ushirombo ilipoanzishwa mwaka 1891, dini mpya ilileta masista na shule, lakini ikaja pia na desturi ya Ulaya ya kumwachia mwanamume madhabahu. Kwa hiyo anayetetea mimbari ya wanaume peke yao kwa jina la mila anatetea, kwa sehemu kubwa, mila ya mgeni.

Pingamizi zito zaidi ni la Maandiko: Paulo, akimwandikia Timotheo, hakumruhusu mwanamke kufundisha. Hoja hiyo haipuuziki. Lakini Paulo huyohuyo anamtaja Fibi kuwa mhudumu wa kanisa, na Matendo yanasimulia jinsi Prisila, pamoja na mumewe, alivyomfundisha Apolo. Katazo moja lisomwe pamoja na ushuhuda huu. Walutheri wa Tanzania waliamua mwaka 1990 kuwaruhusu wanawake, nao wakaanza kubarikiwa kuwa wachungaji mwaka uliofuata. Wakatoliki wanashikilia msimamo tofauti, nao wanastahili kujibiwa kwa hoja. Ila wasiitafute hoja yao katika mila zetu.